Hoteli za Dagahaley zina la kutufunza

Kila jina la Dagahaley litajwapo magazetini, neno linaloandamana nalo huwa ni njaa, au kipindupindu, au usalama. Ni nadra mno msomaji kuelezwa kwamba huko pia watu huketi mezani, huagiza chakula wakipendacho, hulalamika kuwa nyama ni ngumu au chai imezidi sukari, hulipa na kwenda zao. Hata hivyo, hayo ndiyo yanayotendeka katika soko la Dagahaley siku nenda siku rudi, na yamekuwa yakitendeka kwa miaka zaidi ya 30. Mahali penye hoteli pana mpishi, pana mnunuzi, pana mwenye kusifu na mwenye kukosoa. Kwa ufupi, pana jamii, wala si foleni ya mgao tu.

Hoja ninayotaka kuitetea hapa ni moja. Ubora wa mahali pa kulia, popote pale duniani, hutegemea mambo mawili: uhuru wa mpishi kuifanya kazi yake, na uwezo wa mlaji kuchagua. Uma, kisu na kitambaa cheupe ni mapambo yanayokuja baadaye. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyo hatarini Dagahaley hivi sasa, na sisi walimu na wanafunzi tunapaswa kuyasemea badala ya kuyaacha mikononi mwa mashirika ya misaada peke yao.

Kwa wasiopafahamu, Dagahaley ni mojawapo ya kambi tatu kongwe zinazouzunguka mji mdogo wa Dadaab, katika Kaunti ya Garissa, yapata kilomita 100 kutoka Garissa mjini na kilomita 80 hivi kutoka mpaka wa Somalia. Kambi ya Ifo ilitangulia mwaka 1991, baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka. Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992. Jina lenyewe linatokana na neno la Kisomali dhagax, yaani jiwe. Ni mahali penye mawe. Kambi hizo tatu zilikusudiwa kuwahifadhi watu 90,000. Mwaka 2011, ukame na vita vilipopamba moto kusini mwa Somalia, wakazi wake walikaribia nusu milioni, na mwaka 2025 idadi ya wakimbizi katika eneo zima la Dadaab ilikuwa ingali zaidi ya laki nne. Mtoto aliyezaliwa Dagahaley mwaka ilipofunguliwa sasa ni mtu mzima aliyepita umri wa miaka 30, na huenda ana watoto wanaosoma katika shule ile ile aliyosomea yeye.

Kama ilivyo ada ya watu wa fani yangu, naomba nianze na maneno, maana maneno huhifadhi habari ambazo wenyewe tumezisahau. Katika Kiswahili chetu cha Kenya, hoteli ni neno lenye mikono mirefu. Jengo la ghorofa kumi ufukweni ni hoteli, na kibanda cha mabati kinachouza chai na maandazi ni hoteli vilevile. Msomali naye husema hudheel, neno lililotoka huko huko lilikotoka letu. Sisi tuna mkahawa, kutokana na kahawa. Yeye ana maqaaxi na makhaayad, kutokana na maqha la Kiarabu, lenye mzizi mmoja na kahawa yetu. Sahani yetu ni saxan yake, na asili yake ni Kiarabu. Sambusa yetu ni sambuus yake. Meza tuliipokea kutoka kwa Wareno, na yeye anaiita miis. Waitaliano waliotawala kusini mwa Somalia walimwachia baasto, yaani tambi, pamoja na fargeeto, yaani uma, ingawa tambi hizo mwenyewe huzila kwa mkono wa kulia kwa ustadi ambao Mwitaliano angeustaajabia.

Mifano hiyo inatosha kuonyesha kwamba hakuna meza katika Afrika Mashariki iliyoandaliwa na kabila moja. Tena ujirani huu si wa jana. Mjini Barawa, kusini mwa Somalia, watu wamezungumza Chimwini, lahaja ya Kiswahili, kwa karne nyingi wakiwa wamezungukwa na Kisomali, na vita vya mwaka 1991 vilipozuka, wengi wao walikimbilia Mombasa, ambako walikuta chakula wasichohitaji kutafsiriwa. Anayedai kwamba mapishi ya Dagahaley ni kitu kigeni kilichoingia Kenya kwa lori la Umoja wa Mataifa hajausikiliza ulimi wake mwenyewe.

Sasa tuingie hotelini. Nimepata kula katika hoteli za soko la Dagahaley, na ningependa msomaji asiyewahi kufika huko apate picha kamili. Jengo ni la miti na mabati, pengine limezibwa kwa turubai kuukuu. Ndani kuna viti vya plastiki na meza zilizofunikwa nailoni. Mlangoni kuna pipa dogo lenye bomba, sabuni kando, na hapana anayepita bila kunawa. Mara tu uketipo huletewa bakuli la supu ya mbuzi na kipande cha ndimu hata kabla hujasema unataka nini. Orodha ya vyakula haiandikwi popote. Mhudumu huisoma kutoka kichwani kwa kasi ya mtu anayehesabu mbuzi zizini. Asubuhi kuna canjeero, chapati laini yenye vitundu, pamoja na maini au suqaar, ambayo ni nyama iliyokatwa vipande vidogo vidogo na kukaangwa kwa vitunguu. Mchana kuna wali wa viungo au tambi kwa nyama ya mbuzi, na siku ya bahati nyama ya ngamia. Ndizi mbivu huwekwa ubavuni mwa sahani, nawe huila pamoja na wali. Pilipili ya basbaas huja katika kikombe chake. Kisha huja chai ya maziwa iliyotiwa iliki, mdalasini na tangawizi, na kwa wanaotaka, maziwa ya ngamia.

Wala mtu asidhani kwamba wateja wa hoteli hizo hula lolote waletewalo. Wana vipimo vyao, na ni vikali. Wali unapaswa kuchambuka punje kwa punje. Mbuzi awe amechinjwa leo, tena kwa kufuata sharia. Maziwa yasiwe yametiwa maji. Mfugaji aliyekunywa maziwa ya ngamia tangu utotoni hadanganyiki hata kwa kijiko kimoja. Mhudumu akumbuke nani aliagiza nini bila kuandika. Sahani kubwa moja ikiwekwa mbele ya watu wanne, kila mmoja hula upande wake. Anayevuka kwenda kuuchokoa upande wa mwenziwe huonekana hakulelewa. Wakati wa kulipa, marafiki hushindana nani atangulie kutoa fedha, na mara nyingine mmoja hujifanya anaenda kunawa kumbe amekwisha kulipa. Hizi ni adabu za mezani kamili. Zina kanuni, zina aibu kwa mwenye kuzivunja, na hufunzwa watoto.

Hapa ndipo ninapogongana na mafunzo tuliyopewa. Sisi tuliosomea shule za msingi katika mfumo wa 8-4-4 tulifundishwa katika somo la sayansikimu namna ya kuandaa meza: uma kushoto, kisu kulia, gilasi juu ya kisu. Wengi wetu hatukuwa na visu vya mezani nyumbani, lakini tulichora picha hiyo na tukapata alama. Sina ugomvi na picha yenyewe. Ugomvi wangu ni na lile lililokuwa limefichika ndani yake, kwamba ustaarabu wa kula ni wa Mwingereza, na sisi wengine tunajaza matumbo tu. Dhana hiyo bado i hai. Utaisikia kwa mwalimu anayemkemea mwanafunzi kwa kula kwa mkono, na utaisikia kwa afisa wa mjini anayeitazama hoteli ya mabati na kuona uchafu kabla hajaona chakula.

Basi na tumtazame Mwingereza huyo tuliyemfanya kipimo, kwa haki na bila kejeli. Historia ya ulaji nchini mwake katika karne ya 20 ina mafunzo makubwa, ila si yale tuliyofunzwa.

Kwanza, Uingereza yenyewe iliwahi kuishi kwa mgao. Kuanzia Januari 1940, chakula kiligawanywa kwa vitabu vya kuponi, na mgao haukukoma kabisa hadi Julai 1954, miaka tisa baada ya vita kumalizika. Miaka 14 raia wa dola iliyotutawala walipimiwa nyama, sukari, siagi na chai. Lakini serikali yao haikuishia kwenye kuponi. Ilianzisha kumbi za kulia za umma ambazo Winston Churchill alipendekeza ziitwe British Restaurants, na kufikia mwaka 1943 kumbi hizo zilikuwa zaidi ya 2,000. Humo mtu aliweza kuketi, kula chakula cha moto kwa bei nafuu, na kuzungumza na jirani yake bila kutoa kuponi. Churchill hakutaka ziitwe vituo vya kulishia, kwa kuwa jina hilo lingemkumbusha mlaji fedheha ya kulishwa. Nawaomba wanafunzi wa isimu wautafakari mfano huu. Katikati ya mabomu na uhaba, waziri mkuu alipata muda wa kuchagua neno, kwa kuwa alijua mtu anayekwenda mkahawani hujiona tofauti na mtu anayekwenda kulishwa.

Pili, chakula cha mikahawa ya Uingereza hakikuwa chema tangu azali. Mwaka 1951 Raymond Postgate, mwandishi na mwanahistoria, alianzisha mwongozo uitwao The Good Food Guide kwa sababu alichoshwa na vyakula vibovu vilivyokuwa vikiuzwa hotelini. Mwongozo huo ulitegemea taarifa za walaji wa kawaida waliokula kwa fedha zao na kuandika walichokiona. Ubora haukushuka kutoka ikulu. Ulipanda kutoka kwa wateja waliokataa kunyamaza.

Tatu, na hili ndilo lenye uzito zaidi kwetu, ladha ya mikahawa ya Uingereza ililetwa kwa sehemu kubwa na wageni. Samaki wa kukaangwa, ambaye pamoja na viazi amekuwa nembo ya Mwingereza, ana asili katika mapishi ya Wayahudi waliohamia huko. Mwaka 1810 Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna nchini India, alifungua jijini London mkahawa wa vyakula vya Kihindi. Alifilisika miaka miwili baadaye, lakini hapakuwa na sheria iliyowazuia wengine kujaribu tena. Wakajaribu. Katika karne ya 20 watu kutoka Sylhet, katika nchi ambayo leo ni Bangladesh, wengine wao wakiwa mabaharia walioachana na meli bandarini, walifungua mikahawa mji baada ya mji, hata mwaka 2001 Robin Cook, waziri wa mambo ya nje, akakitaja chakula cha kuku kiitwacho chicken tikka masala kuwa ndicho chakula halisi cha kitaifa cha Uingereza. Wasomali nao hawakuwa mbali. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 mabaharia wa Kisomali waliishi katika bandari ya Cardiff, na nyumba za kulala wageni walizoziendesha wenyewe ziliwapa wenzao kitanda na mlo waliouzoea.

Nauliza basi: baharia wa Sylhet alikuwa na nini ambacho mpishi wa Dagahaley hana? Si ujuzi. Si bidii. Si wateja. Baharia yule, pamoja na ubaguzi wote alioukuta, aliweza kupanga chumba London, akahamia Birmingham biashara ilipodorora, akakopa, akaajiri, akauza. Mpishi wa Dagahaley kwa miaka mingi amezuiwa na mpaka wa kambi. Ili atoke kwenda Garissa au Nairobi anahitaji kibali cha kusafiri. Bila hati zinazokubalika, benki haimjui na mkopo haumfikii. Anaweza kuwa bingwa wa suqaar kuliko wote walioko mjini, na bado bingwa huyo asiruhusiwe kufungua duka kilomita 100 kutoka alipo.

Tunajua kinachotokea mlango unapofunguka hata kidogo. Mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi ulibadilika kuanzia miaka ya 1990, Wasomali waliokimbia vita walipoungana na Wasomali Wakenya waliokuwako tangu zamani. Garissa Lodge, iliyokuwa nyumba ya kulala wageni, iligeuka kuwa mkusanyiko wa maduka chumba kwa chumba. Hivi leo Mkenya wa kabila lolote hujua mahali pa kupata nyama ya ngamia na wali wa Kisomali mtaani humo, na maziwa ya ngamia husafirishwa kwa mabasi kutoka Isiolo, biashara inayoendeshwa hasa na wanawake. Hapana aliyepoteza chakula chake kwa sababu hiyo; walioongezewa ni wengi.

Hata huko Dadaab kwenyewe, faida kwa wenyeji imekwisha kupimwa. Utafiti wa mwaka 2010 uliosimamiwa na serikali za Denmark, Norway na Kenya ulikadiria kwamba biashara za makambini zilikuwa na mauzo ya takriban dola milioni 25 kwa mwaka, na kwamba wenyeji wa eneo hilo walinufaika kwa kiasi cha dola milioni 14 katika mwaka huo mmoja, wakiwemo wafugaji waliowauzia wakimbizi mifugo na maziwa. Hoteli moja inapochinja mbuzi wawili kwa siku, mbuzi hao wametoka kwa mfugaji Mkenya.

Najua pingamizi litakalotolewa, na ni pingamizi la haki. Yawezekanaje kuzungumzia ubora wa mikahawa mahali ambapo watoto wanalazwa hospitalini kwa utapiamlo? Je, si dhihaka? Mnamo Juni 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa kukosa fedha za wafadhili, lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Kenya hadi asilimia 28 ya mgao kamili, na likasimamisha fedha walizokuwa wakipewa ili wajinunulie chakula. Baadaye mwaka huo huo wakimbizi wakagawanywa katika makundi kulingana na uhitaji, wengine wakipata zaidi, wengine wakipata kidogo, na wengine wakikosa kabisa. Hali hii ni mbaya, na hakuna sahani ya tambi iwezayo kuifunika.

Lakini jibu langu ni kwamba hoteli na mgao ni ndugu, na kilio cha mmoja ni kilio cha mwenziwe. Mwaka 2016 mpango wa Bamba Chakula ulipoanza Dadaab, sehemu ya mgao ilitolewa kwa njia ya simu, na mama wa nyumba akaweza kununua mwenyewe alichokihitaji katika duka la kambini. Jina lenyewe ni la Sheng. Kubamba ni kukamata, kupata. Kabla ya hapo watu walilaumiwa kwa kuuza nafaka za mgao, wakaitwa wasio na shukrani. Ukweli ni kwamba mfugaji aliyezoea maziwa na nyama, akipewa mtama na dengu mwezi baada ya mwezi, atauza kiasi ili apate maziwa ya mtoto na sukari ya chai. Huko ni kuchagua, na kuchagua ni sehemu ya kula. Fedha hizo zilizunguka sokoni, zikapita dukani, zikafika hotelini. Mwenye hoteli aliweza kumkopesha mteja na kuandika daftarini, akijua mwisho wa mwezi utafika. Fedha zinapokatwa, daftari hilo hubaki na majina yasiyolipika. Kwanza hupungua nyama, kisha hupungua wahudumu, kisha moto huzimwa. Aliyekuwa anajitegemea na kuwalisha watoto wake kwa jasho lake hurudi katika foleni aliyokuwa ameiacha, na foleni hiyo nayo imefupishiwa chakula.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa na wengi kumsimanga mgeni aliyekaa mno. Aghalabu tunaisahau nusu ya pili, ambayo inamwamrisha mwenyeji. Anayetakiwa kutoa jembe ni sisi. Tumemweka mgeni huyu zaidi ya miaka 30, tukamkataza jembe, kisha tukamlaumu kwa kula bila kulima. Mara kadhaa, kama vile mwaka 2015 na 2016, serikali ilitangaza kwamba ingeifunga Dadaab kabisa, hata Mahakama Kuu ikalazimika kuuzuia uamuzi huo Februari 2017. Ni nani atakayejenga jiko la matofali mahali anapoambiwa kila mwaka kwamba patabomolewa?

Habari njema ni kwamba sheria imeanza kugeuka. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika mwaka 2022, inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi na kuchangia uchumi wa nchi. Mnamo Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi ziwe makazi ya kawaida ambamo wakimbizi na wenyeji watapata huduma kwa pamoja. Maneno hayo ni matamu. Lakini neno halipiki wali. Kipimo chetu kiwe chepesi: je, mama anayeuza chai Dagahaley anaweza kupata leseni kwa jina lake, kufungua akaunti, kukopa, na kusafiri hadi Garissa kununua sufuria bila kuogopa kizuizi cha barabarani? Siku jibu litakapokuwa ndiyo, tutajua kwamba mpango umefika jikoni.

Nisieleweke kwamba nazisifu hoteli hizi kwa kila jambo. Kipindupindu kiliingia Dadaab mwishoni mwa mwaka 2015, kikarudi mwishoni mwa mwaka 2022, na ugonjwa huo hauheshimu ladha ya chakula. Mahali penye joto kali na umeme haba, nyama haina budi kupikwa siku ile ile, na maji ya kunawa hayana budi kuwa safi. Choo ni sehemu ya hoteli kama lilivyo jiko. Kuni nazo ni mzozo mkubwa. Misitu iliyozunguka kambi imekwisha, wenyeji wana haki ya kukasirika, na wanawake wanaokwenda mbali kuzitafuta wamekabiliwa na hatari kubwa. Hoteli inayochoma kuni mchana kutwa haiwezi kusema hilo halinihusu. Aidha, mtoto wa umri wa shule asionekane akiosha vyombo saa za masomo. Haya yote ni mambo ya ubora, na mpishi wa Dagahaley ayakubali kukosolewa kama mpishi mwingine yeyote. Ila tukumbuke kwamba mwenye leseni ndiye anayeweza kukaguliwa, na mwenye uhakika wa kesho ndiye anayeweza kuwekeza katika jiko linalookoa kuni. Ukimwacha mtu nje ya sheria, huwezi kumdai usafi wa kisheria.

Serikali ya kaunti, basi, itoe leseni kwa mkimbizi na kwa mwenyeji kwa masharti yale yale, na maafisa wa afya waende hotelini kufundisha kabla ya kufunga. Mashirika ya misaada yapatapo fedha tena, yarejeshe fedha taslimu mapema iwezekanavyo, maana shilingi inayopita sokoni hulisha watu wawili, mnunuzi na muuzaji. Wafadhili waliofunga mifuko yao, Uingereza ikiwa miongoni mwa mataifa yaliyopunguza misaada ya kigeni, wakumbuke miaka yao 14 ya kuponi.

Walimu wenzangu tuna kazi yetu pia. Tunapofundisha adabu za mezani, tufundishe na hizi: kunawa, kula upande wako wa sahani, kumkaribisha aliyepita njiani, kumtangulia mwenzio kulipa. Tusimwambie mtoto wa Dagahaley, anayesoma mtaala ule ule wa Kenya, kwamba meza ya nyumbani kwao si meza. Tumpe insha aandike kuhusu hoteli iliyo karibu na shule yake; nina hakika tutapata Kiswahili kizuri na msamiati ambao kamusi zetu bado hazina.

Nao wanafunzi wa vyuo, hasa wa Chuo Kikuu cha Garissa, nawapa pendekezo. Nendeni katika hoteli za Garissa, Dadaab na Dagahaley, mle kwa fedha zenu, mwandike kwa haki: wapi wali unachambuka, wapi maziwa hayana maji, wapi sabuni haikosekani, wapi mgeni na maskini hupokelewa sawa. Kusanyeni majina ya vyakula kwa Kisomali na Kiswahili, na mchapishe kijitabu. Mwongozo wa Postgate ulianza na walaji wa kawaida waliokuwa na kalamu. Taarifa kama hizo zitamsaidia mpishi kuliko huruma, kwa kuwa zitamtambua kuwa ni mtu wa kazi, anayeweza kusifiwa anapofanya vyema na kuambiwa anapokosea.